Nywele za Mteja wa Chumba cha Pili

Nilitumwa barafu.

Digrii ya biolojia, honours, picha ya joho imetundikwa sebuleni, mama kaniegemea analia kwa furaha... halafu saa kumi na mbili kasoro jioni natumwa barafu. Friji la kliniki lilikuwa limekata roho tangu saa tisa.

"Kimbia, msomi," Sista aliniambia bila kuinua macho. "Mifuko miwili. Na usisimame kupiga soga."

Kliniki yenyewe ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro. Ilihudumia wanaume ambao nywele zimeanza kuwaaga. Kazi ni hivi: mteja analazwa kifudifudi, anapigwa ganzi, Daktari anang'oa nywele za kisogoni moja moja pamoja na mizizi yake, halafu zinapandwa mbele, palipobaki uwanja. Sisi tuliziita miche. Mimi nilikaa kwenye darubini nikiichambua: yenye unywele mmoja huku, miwili kule, mitatu pale. Ya mmoja mmoja ndiyo hupandwa ukingoni mwa paji la uso, ili mtu asionekane kabandikwa brashi. Unaipanga juu ya kitambaa kibichi ndani ya kisahani cha kioo, unafunika, unaweka kwenye baridi. Ikikauka dakika chache tu, imekufa. Na ukipanda maiti utavuna nini?

Tusidanganyane, haikuwa ajira. Kilikuwa kibarua. Wakiwa na mteja wananitumia meseji. Wasipokuwa naye nabaki kwenye kochi la kaka nasoma Dear applicant, we regret to inform you. Miaka mitatu ya regret. Hawa watu wanajuta kuliko wajane.

Siku ile mteja wa chumba cha kwanza alikuwa huyohuyo kaka.

Kaka yangu wa tumbo moja. Meneja mauzo wa kampuni ya vigae, miaka arobaini na mmoja, mapanja yamepanda hadi yakasalimiana utosini. Ofisini walimwita Kigae. Umeme ukikatika, walisema, mtoeni Kigae dirishani atumulikie. Alicheka nao. Akirudi nyumbani anajifungia bafuni, anakaa humo mbele ya kioo hadi mkewe agonge. Ni yeye aliyembembeleza Daktari anipe kile kibarua. Na alipoamua kupandwa alisema neno ambalo hadi leo likinijia naacha kula.

"Nataka kichwa changu kishikwe na damu yangu."

Chumba cha pili alikuwamo mtu mwingine. Nilimkuta asubuhi kwenye benchi la ukumbini, kofia ya sufu imevutwa hadi nyusi, mikono juu ya magoti. Nilimpa jina la Bwana Kofia. Alikuwa na harufu... ya kabati lililofungwa miaka mingi na leo limefunguliwa. Alipovua kofia mlangoni niliona panja dogo tu, la kuziba kwa kidole gumba. Mtu wa namna hiyo anafuata nini kwetu?

"Chukua nyingi," nilimsikia akimwambia Daktari. "Zitakazobaki mtajua pa kuzipeleka."

Sasa, ile jioni. Sista aliponituma, simu ilikuwa mkononi mwangu. Regret nyingine. Ile nafasi niliyofanyia interview mara tatu, wamempa mtoto wa mkubwa fulani. Damu ilinipanda kichwani, nikainuka, nikatoka, nikashuka ngazi natukana kwa lugha mbili. Dukani kulikuwa na foleni. Nilirudi baada ya kama nusu saa, mifuko miwili ya barafu inaniunguza mabega.

Kisahani cha mwisho cha kaka kilikuwa mezani, chini ya taa ya darubini.

Wazi.

Sikukifunika. Taa ile ni kali kama jua la saa saba. Kitambaa kilikuwa kimekauka kau. Miche ilikuwa imelala juu yake kama miguu ya mbu. Pembeni, kwa mwandiko wangu mwenyewe: mia mbili na kumi na moja. Yote ya unywele mmoja mmoja. Ya ukingoni. Ya mbele kabisa, pale ambapo dunia nzima hutazama.

Chumbani nilimsikia kaka anamchekesha Daktari, ulimi mzito kwa dawa. "Nikitoka hapa, wataniita Zulia."

Ningeweza kusema. Maneno yenyewe ni matatu: Daktari, zimeharibika, samahani. Lakini ningefukuzwa palepale, na kaka angejua kwamba mdogo wake, hata akipewa kichwa chake mkononi, anakiacha juani.

Juu ya sinki kulikuwa na kisahani cha masalio ya chumba cha pili, kinasubiri kutupwa. Miche yake ilikuwa minene, myeusi tii, mizizi myeupe imevimba kama mchele uliolowekwa.

Nilijua sayansi, ndiyo sababu nikathubutu. Mwili haupokei nyama ya mtu baki. Utaikataa. Na nywele zote zinazopandwa, hata zako mwenyewe, hudondoka wiki ya tatu kabla ya kuota upya mwezi wa nne. Kwa hiyo hizi zingedondoka pamoja na nyingine, zisingerudi, na lawama ingekwenda kwa damu ya kaka. Ataongezewa kidogo mwakani. Nani angejua?

Nikachukua kibano. Nikahamisha. Moja, mbili, tatu... mia mbili na kumi... mia mbili na kumi na moja.

Kisahani cha masalio kikawa kitupu.

Haukubaki hata mmoja. Haukupungua hata mmoja.

"Tayari?" Sista alisimama mlangoni.

"Tayari."

Akakichukua.

Bwana Kofia alitoka kabla ya kaka, kichwa kimefungwa bandeji, kofia juu yake. Alinipita ukumbini akasimama. Akaninong'oneza karibu na sikio, "Pole, kijana. Barafu ni nzito."

Nilipotumwa barafu alikuwa chumbani, mlango umefungwa, kichwa chote kina ganzi.

*

Wiki ya tatu zilianza kudondoka, kama nilivyowaambia. Shemeji alizikung'uta kwenye mto wa kulalia asubuhi na kusema amechoka kulala na paka. Kaka alinipigia simu toka ofisini mara mbili kwa siku. "Dogo, ni kawaida?" "Ni kawaida, kaka." "Zitarudi?" "Zitarudi." Alinishukuru kila mara. Mtu mzima, anamshukuru anayelala kwenye kochi lake.

Mimi nilikuwa nasubiri zile mia mbili na kumi na moja.

Hazikudondoka.

Zilibaki mstari mmoja mbele, upande wa kushoto, kichwa kingine chote kikiwa kitupu. Mwezi wa pili zilikuwa na urefu wa kucha. Mwezi wa nne za kwake zikaanza kuchipua, laini, za rangi ya kahawa kama za ukoo wetu. Zile nyingine zilikuwa nyeusi kama waya wa simu.

"Ubora wa kazi ya mdogo wangu huo!" kaka aliwaambia wageni.

Jioni moja alikuwa mezani, ameelekea televisheni. Zile nywele zilikuwa zimelala kuelekea kushoto. Akageuka kunipa sukari. Zikawa zimelala kuelekea kulia.

Nilitazama mara mbili.

"Kaka, hebu geuza kiti."

"Ili?"

"Mwanga. Nataka kuona ngozi."

Akageuza kiti, akanipa mgongo. Nikazunguka mbele yake. Nywele zake mwenyewe zilitulia. Zile nyingine zilijisogeza... taratibu, kama majani siku isiyo na upepo. Zikaelekea dirishani. Nikamgeuza tena, nikisingizia taa. Zikarudi. Dirishani. Daima upande uleule wa mji.

"Vipi, mbona mkono wako baridi?" aliuliza kaka.

Kuanzia hapo nilimchunga. Aliacha utani. Alianza kukaa akitupa mgongo, na ukimwita hageuki mwili, anageuza kichwa peke yake. Kila jua likizama alivaa viatu. "Nanyoosha miguu." Alirudi saa mbili, nywele zimechanwa vizuri, na ana harufu ya kabati.

Shemeji alinibana jikoni, mwiko mkononi.

"Shemeji, niambie ukweli. Kaka yako ana mwanamke?"

"Sidhani."

"Usimfichie. Nyinyi mmenyonya titi moja."

"Shemeji, mwanamke wa kukutana naye saa kumi na mbili, saa mbili umerudi? Huyo ni mwanamke au ni benki?"

Hakucheka. Akashusha sauti. "Basi mwanamke gani anamfanya mtu ahesabu usingizini?"

"Anahesabu?"

"Anaanza moja. Anaishia mia mbili na kumi na moja. Halafu ananyamaza... kama anayewaachia wengine zamu yao."

Mwiko ulikuwa unatiririsha mchuzi sakafuni. Hakuna aliyeuona.

*

Nilimfuata Sista kliniki saa ya chai. Alikuwa ngazini, kikombe mkononi, viatu kavua. Sikuwa nimefungua mdomo.

"Ulijazia," alisema.

Nikamkodolea macho.

"Usinitolee macho. Hapa nani hajajazia? Kisahani kikipungua unaongeza, zinadondoka, mteja analaumu baba yake kwa kumrithisha upara. Ndiyo kazi."

"Zangu hazikudondoka, Sista."

Kikombe kikasimama njiani.

"Ulichukua za nani?"

"Chumba cha pili."

Akachungulia chini ya ngazi, dukani magodoro yakiburutwa. Kisha akanong'ona. "Yule mtu nimemhudumia kliniki tatu tofauti. Miaka kumi na miwili. Kila mara anasema chukua nyingi. Kwa zile tulizomtoa, kisogo chake kilitakiwa kiwe kama kiganja changu. Asubuhi ile nilipokaa nyuma yake nimnyoe..."

"Alikuwaje?"

"Amejaa." Akavaa viatu haraka. "Zitoe. Na mizizi yake. Uzihesabu. Halafu mimi na wewe hatujawahi kuongea."

Jioni ileile nilimfuata kaka.

Alitembea bila kutazama magari. Kwenye kona hakusita hata mara moja. Alipita duka la fundi viatu, akaingia jengo la ofisi zilizohamwa, akapanda ngazi. Nilipanda nyuma yake kwa vidole. Mlango wa mwisho ulikuwa umeachwa nusu wazi.

Mabenchi mawili. Wanaume saba, kaka wa nane. Suti, ovaroli, mmoja na koti la dereva. Wamekaa kama watoto wanaosubiri kunyolewa. Na kila mmoja alikuwa na mahali kichwani... huyu juu ya sikio, yule utosini, mwingine paji zima... ambapo nywele nyeusi zilikuwa zimelala kuelekea upande mmoja.

Kuelekea kwake.

Bwana Kofia alikuwa kwenye kiti, kofia gotini. Kaka alipiga magoti mbele yake bila kuambiwa, akainamisha kichwa. Yule mtu akaanza kumchana. Polepole. Kama mama. Na wale wengine walikuwa wanahesabu, midomo haifunguki vizuri, kila mmoja idadi yake. Tisini na nne. Mia tatu na mbili. Hamsini...

"Ingia, msomi."

Hakuinua kichwa. Miguu yangu iliingia kabla yangu.

"Umewafanya nini?" nilisema. Nilidhani nitapiga kelele. Ilitoka kama pumzi.

"Mimi? Mimi nililala kifudifudi nikapigwa ganzi." Akasafisha chanuo kwa vidole. "Yaliyobaki waliyafanya watu wa kazi. Kila kliniki ina mmoja. Amesoma, amekataliwa, ana hasira na dunia nzima. Huyo anaacha kisahani wazi. Si lazima nimtafute. Namngoja tu akatumwe."

"Unawataka nini?"

"Wakae." Alisema kana kwamba nimeuliza swali la kitoto. "Nimezika kila aliyenizaa na kila niliyezaliwa naye. Nikaona nipande wengine. Keshokutwa tunahama mji huu. Kaka yako ameshafunga begi."

"Kaka," nilimwita. "Kaka, twende nyumbani."

Kaka aligeuza kichwa. Kichwa peke yake. Macho yalinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto wa jirani ambaye jina lake limekutoka.

*

Kaka alirudi saa mbili, kama kila jioni. Begi lilikuwa chini ya kitanda. Shemeji alilivuta kesho yake, akaona mashati yamekunjwa, akakaa sakafuni.

Basi nikasema. Jikoni, mchana, mbele yao wote wawili. Simu, barafu, taa, kibano. Nilisema yote, nimesimama kama mtu anayefanya interview ya mwisho duniani. Kaka alisikiliza akiwa amekaa, ameelekea dirishani.

"Ulinipanda nywele za mtu baki."

"Ndiyo."

"Ukanyamaza miezi mitano."

"Ndiyo, kaka."

"Nikikupigia kukushukuru... ulikuwa unapokea."

Shemeji aliziba mdomo kwa taulo la jikoni.

Kaka akavuta pumzi. "Zitoe," alisema, na ilikuwa sauti yake, ya siku zote, ya mtu anayeuza vigae. "Haraka, dogo. Kabla haijafika jioni."

Nikachukua kibano. Nikanyoosha mkono kichwani kwake.

Mkono wake ukanidaka.

"Zitoe!" mdomo ulisema. Vidole vilikuwa vinaniponda kifundo. "Dogo, zitoe, nakuomba..." Na mkono wa pili ukapanda kukumbatia ule wa kwanza, ukikaza. Alikuwa analia. Mikono haikuwa inalia.

Shemeji hakuuliza. Alichomoa mkanda wa suruali ya mumewe, akapigana na ile mikono kama anapigana na nyoka, akaifunga nyuma ya kiti. Kila tundu alilokaza alisema, "Nisamehe, baba." Tundu la kwanza, nisamehe. La pili, nisamehe.

Nikavuta wa kwanza.

Haukutoka kama unywele. Ulikuwa na mzizi mrefu, mrefu kama uzi wa sindano, unateleza, unaendelea kuja. Mwishoni ukafanya sauti ndogo.

Tk.

Na nje, barabarani, mtu akakohoa.

Nikavuta wa pili. Tk. Akakohoa.

Nikasimama. Kimya. Gari lilipita. Kimya tena. Shemeji alinitazama, nami nikamtazama. Nikavuta.

Tk.

Akakohoa. Sasa alikuwa karibu zaidi.

"Usiangalie dirishani," nilimwambia shemeji. "Hesabu pamoja nami."

Tulihesabu. Hamsini. Mia. Damu ilichora mstari hadi kwenye nyusi za kaka na shemeji akaifuta. Mia na sabini. Jua lilikuwa limefika kwenye ukingo wa sinki. Kikohozi kilikuwa chini ya dirisha lenyewe sasa, kikavu, cha subira. Mia mbili na tisa. Mia mbili na kumi.

Mia mbili na kumi na moja.

Kimya.

Mikono ya kaka ililegea kwenye mkanda. Nilizihesabu upya, nazilaza moja moja kwenye kisosi cha chai. Mia mbili na kumi na moja. Nikachukua kioo cha kukuzia, cha enzi za chuo, nikapekua ngozi yake sehemu kwa sehemu. Hapakuwa na nyeusi hata moja.

"Maji," alisema kaka. Shemeji akamfungua mkanda, naye akanywa kikombe kizima. Akagusa paji lake, akaona damu kwenye vidole. "Basi kesho ofisini narudi kuwa Kigae."

Shemeji aliangua kicheko na kilio kwa pamoja. Nami nikacheka. Sijawahi kucheka hivyo tangu siku ya joho. Tulikuwa watatu jikoni, damu, chai, mkanda wa suruali, tunacheka kama wendawazimu.

Hodi.

Mara moja tu. Kwa upole.

Nilifungua mimi. Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka mlangoni, kofia mkononi, uso umechoka.

"Nimekuja kumchukua ndugu yangu," alisema.

Nilimnyooshea kisosi. "Chukua. Zimetimia. Hesabu mwenyewe."

Hakukitazama. "Hizo ni nywele tu, kijana. Kazi yake ilikuwa kumwonyesha njia." Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, si ya kichawi hata kidogo, "Mwache achague."

"Hana cha kuchagua! Zimetoka zote!"

"Ndiyo maana nasema achague."

Nyuma yangu kiti kilisogea. Kaka alikuja taratibu, bandeji ya taulo kichwani. Alisimama kati yetu. Alimtazama yule mtu. Akanitazama mimi, mwili mzima umegeuka, sio kichwa peke yake. Macho yalikuwa yake. Nayajua macho ya kaka. Yalinifundisha kuendesha baiskeli.

"Kaka, ni mimi."

"Najua ni wewe." Akafikiri kidogo. "Ofisini walinicheka miaka, lakini walinicheka usoni. Wewe nilikupa kichwa changu."

"Nimekosa. Nipige. Nifukuze kwako leo leo."

"Siwezi kukufukuza," alisema. "Una pa kwenda wewe?"

Akaingia chumbani. Shemeji alimfuata. Nilisikia sauti yake ya chini, inabembeleza, kisha inauliza, "Unanijua mimi ni nani?" Na ya kaka, "Nakujua, mke wangu." Kisha sauti ya zipu ya begi.

Alipotoka aliweka kiganja juu ya kichwa cha mkewe, akakiacha hapo muda mrefu. Hakunigusa mimi. Akashuka ngazi mbili za mlangoni. Yule mtu hakumshika mkono. Hakumwita. Aligeuka tu, akavaa kofia yake, wakaenda bega kwa bega, na kwenye kona ya kwanza kaka alisita, akatazama kushoto na kulia kama mtu asiyejua njia.

Bwana Kofia alimwonyesha kwa kidole.

Huu ni mwezi wa pili. Lile jengo liko tupu, nilikwenda. Mabenchi yapo. Sista ameacha kazi, au ameachishwa. Daktari ananitumia meseji za kibarua na mimi sijibu.

Kisosi kiko kwenye droo yangu. Hakina maji, na hazikauki. Leo asubuhi nimezihesabu tena, kwa kibano, juu ya karatasi nyeupe. Zipo zote.

Kila jua likizama shemeji anakuja kukaa ukingoni mwa kochi. Hanilaumu. Amekonda. Ananiuliza kitu kimoja, kwa sauti ileile ya jikoni.

"Shemeji, una hakika ulizitoa zote?"

Najua jibu. Najua pia maana yake: kwamba mumewe, kichwa kikiwa chake mwenyewe, alitutazama sisi wawili, akavaa viatu.

"Sina hakika, shemeji," namwambia. "Nadhani nilibakiza moja."

Anashusha pumzi. Kila siku anashusha pumzi, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kulisikia. Kisha anainuka kwenda kuwasha taa ya nje.